Nyumba ya Mtu na Moto wa Nyika

Hotuba juu ya namna ya kuyakagua makao kabla ya kiangazi



Sehemu nyingi za nchi ya Kenya hupata kiangazi mara mbili kwa mwaka: tangu Januari mpaka Machi, na tena tangu Julai mpaka Oktoba. Katika miezi hiyo nyasi hukauka, majani ya miti hulala chini tabaka juu ya tabaka, upepo huvuma mchana kutwa, na mtu aliyesimama kilimani huweza kuona moshi wa mbali ukipanda. Mwezi wa Machi mwaka 2012 moto ulienea juu ya Mlima Kenya. Mwezi wa Februari mwaka 2022 ulishika nyanda za juu za Aberdare. Ng'ambo ya mpaka, Mlima Kilimanjaro uliwaka mwezi wa Oktoba mwaka 2020, ukawaka tena mwezi wa Oktoba mwaka 2022. Hiyo ni mioto mikubwa ambayo habari zake zilifika mbali. Iko mingine midogo isiyoandikwa popote: ya shamba lililochomwa likamshinda mwenyewe, ya mrina asali aliyeacha kijinga chini ya mti, ya tanuri la makaa lisilolindwa, au ya kipande cha sigara kilichotupwa kando ya njia.

Moshi unapoonekana, watu huulizana, "Moto uko wapi? Umefika wapi sasa?" Maswali hayo ni ya haki, walakini huja wakati umekwisha kupita. Liko swali jingine lipasalo kuulizwa mapema, siku ambayo hakuna moshi wowote mbinguni: "Moto ukija, nyumba hii itaupokeaje?" Hotuba hii yahusu swali hilo. Mtu aliyelijibu katika siku za utulivu hufanya kazi yake polepole kwa panga, ufagio na jembe. Yule aliyengoja mpaka moto uonekane hana la kufanya ila kukimbia.

JINSI NYUMBA INAVYOSHIKA MOTO

Watu wengi hudhani kwamba moto wa nyika huijia nyumba kama maji ya mafuriko: huja kwa kishindo, hufunika kila kitu, kisha hupita. Mara nyingi sivyo. Nyumba hushika moto kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni ndimi za moto zenyewe, zinapotambaa juu ya nyasi mpaka zikagusa ukuta. Ya pili ni joto kali, ambalo huweza kuwasha ubao kabla ndimi za moto hazijaugusa. Ya tatu ni cheche, yaani vipande vya magome, majani na vijiti vinavyowaka, ambavyo hubebwa na upepo na kuutangulia moto. Cheche huweza kuruka zaidi ya kilomita moja, zikaanguka mahali ambapo watu bado wanafanya kazi zao bila wasiwasi. Tena cheche ndizo adui mkubwa wa nyumba kuliko hizo njia nyingine mbili.

Mtaalamu mmoja wa Idara ya Misitu ya Marekani, Bwana Jack Cohen, alilichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Katika majaribio yaliyofanywa kaskazini-magharibi mwa Kanada kati ya mwaka 1997 na mwaka 2000, kuta za mbao zilisimamishwa mbele ya msitu, kisha msitu ukatiwa moto mpaka ukawaka vileleni. Kuta zilizokuwa mita 10 kutoka msituni ziliweza kushika moto. Zile zilizokuwa mita 30 hazikushika. Sababu yake si ngumu kufahamu. Moto wa nyika una njaa na haraka: mahali pamoja huwaka kwa nguvu kwa muda wa dakika moja hivi, kisha huhamia mbele kutafuta chakula kingine. Kitu kilicho mbali hakipati joto la kutosha katika muda mfupi kama huo.

Wako watu waliojifunza neno hili kwa msiba. Tarehe 8 Novemba mwaka 2018 mji wa Paradise, katika jimbo la California huko Marekani, uliteketea. Watu 85 walikufa katika moto ule, na majengo zaidi ya 18,000 yakaangamia. Walioingia mjini baadaye waliona jambo la ajabu: nyumba nyingi zilikuwa majivu matupu, na karibu nazo miti ilikuwa imesimama ingali na majani. Moto mkubwa wa msituni haukupita juu ya nyumba zile kama wimbi. Cheche ziliingia mjini, zikapata chakula kavu mlangoni na mapaani. Kisha nyumba iliyowaka ikaiwasha jirani yake, na jirani akamwasha wa tatu.

Wahenga walinena: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Funzo litokalo katika habari hizo ni moja, nalo ni la kutia moyo. Hatari ya nyumba hukatwa zaidi na hali ya nyumba yenyewe pamoja na mita 30 zinazoizunguka kuliko ukubwa wa moto ulio msituni. Mwenye nyumba hana amri juu ya upepo wala juu ya mlima, lakini juu ya mita zile 30 mara nyingi anayo.

UKAGUZI UANZIE JUU YA PAA

Mwenye nyumba anayetaka kujua udhaifu wa makao yake na aanze nyumbani, aende akitoka nje, wala asianze msituni akija ndani. Kitu cha kwanza kutazamwa ni paa, maana paa ni pana, limelala wazi chini ya mbingu, na cheche huliangukia kama mvua.

Paa la nyasi au la makuti ndilo dhaifu kuliko yote. Cheche moja ikizama ndani ya makuti makavu huweza kufuka kimya kimya kwa muda, kisha ikalipuka wakati kila mtu anadhani hatari imepita. Haifai kumdanganya mtu kwamba ufagio peke yake utaliokoa paa kama hilo. Maji yakimwagwa juu yake husaidia kwa kitambo tu, kwa kuwa upepo wa moto huyakausha upesi. Kwa hivyo mwenye paa la nyasi hana budi kuwa na uwanja mpana kuliko wengine, na hana budi kuwa wa kwanza kuondoka pamoja na jamaa zake.

Paa la mabati haliwaki, na mwenye mabati huweza kulala akidhani yu salama. Na apande ngazi atazame. Pale bati linapokutana na ukuta, mawimbi ya bati huacha matundu mengi. Cheche zikipita katika matundu hayo hufikia kenchi na mbao za dari, ambamo mara nyingi ndege wamejenga viota na panya wamekusanya majani. Nyumba ya namna hiyo huwaka kutoka ndani, na mabati yake hubaki yamejikunja juu ya majivu. Dawa yake ni kuyaziba matundu hayo kwa saruji, au kwa udongo uliokandwa vizuri, au kwa vipande vya bati. Matundu ya kupitisha hewa yasizibwe kabisa, maana watu wahitaji kupumua. Yafaa yawekewe wavu wa chuma wenye macho madogo yasiyozidi milimita 3. Tena mfereji wa kukingia maji ya mvua usisahauliwe. Mfereji uliojaa majani makavu ni kama kibiriti kilichowekwa kando ya paa kikingoja kuwashwa.

HATUA MBILI ZA KWANZA

Akiisha kulitazama paa, na ashuke asimame ukutani. Kutoka ukuta huo kwenda nje hatua mbili, yaani kadiri ya mita moja na nusu, pasiwe na kitu chochote kiwezacho kuwaka. Hapo ndipo mahali padogo kuliko mahali pote pa ukaguzi, na ndipo penye faida kubwa kuliko kwingine.

Mara nyingi mambo huwa kinyume. Chini ya upenu ndipo kuni zinapopangwa zisilowe na mvua. Ndipo panapowekwa magunia matupu, mbao zilizobaki katika ujenzi, viti vya miti, mkeka wa kuanikia, na pengine debe la mafuta ya taa au la petroli ya pikipiki. Vitu vyote hivyo vimewekwa hapo kwa sababu nzuri, nayo ni kuvikinga na mvua. Lakini wakati wa kiangazi mvua haipo, na vitu vile vile hugeuka kuwa ngazi ya kumpandisha adui mpaka darini. Yatosha kuvihamisha. Kuni na mbao ziwekwe mbali na nyumba, kadiri ya mita 10 kama nafasi iko, wala zisiwe upande wa chini wa mteremko ambako zikiwaka moto wake utapanda kuja nyumbani. Petroli iwe na kibanda chake peke yake, mbali na jiko na mbali na mahali pa kulala.

Iko njia rahisi ya kupata habari za cheche kabla hazijaja. Siku ya upepo mkali, mwenye nyumba na aizunguke nyumba yake polepole, aangalie mahali ambapo majani makavu na takataka zimejikusanya zenyewe: katika pembe ya kuta mbili, chini ya mlango, chini ya ngazi za baraza, nyuma ya pipa la maji. Upepo ulioleta majani pale ndio utakaoleta cheche pale pale. Hapo ndipo pa kufagiliwa kila siku ya kiangazi, na kama mlango una mwanya chini, mwanya huo na uzibwe.

UWANJA WA NYUMBA

Sasa na atoke mpaka mita 10. Wazee wa makabila mengi ya nchi hii walikuwa na desturi ya kufagia uwanja wa nyumba kila asubuhi, hata udongo ukawa mtupu na mgumu kama sakafu. Wageni wengine waliidhania desturi hiyo kuwa ya usafi tu. Kumbe uwanja uliofagiliwa humnyima nyoka maficho, humwonyesha mwenye nyumba nyayo za aliyepita usiku, na huunyima moto chakula. Moto unaotambaa katika nyasi ukifika penye udongo mtupu husimama, kwa kuwa hauna pa kukanyaga. Wataalamu wa siku hizi wakitoa shauri la kuweka nafasi tupu kuizunguka nyumba, hawasemi neno geni kwa babu zetu.

Walakini desturi imebadilika. Nyumba nyingi sasa zina bustani za maua mpaka chini ya madirisha, na ua wa miti ya saiprasi uliopandwa kuikinga nyumba na macho ya wapita njia. Saiprasi ina utomvu ndani yake, na ndani ya ua mnene mna vijiti vikavu ambavyo kwa nje havionekani; ukishika moto huwaka kwa ukali mwingi. Ua wa namna hiyo ukigusa nyumba, ni utambi uliofungwa mlangoni. Ukatwe, pawe na nafasi kati ya mwisho wake na ukuta. Mikaratusi nayo humwaga magome marefu makavu ambayo upepo huyabeba mbali yakiwa yanawaka. Haifai kuwa karibu na nyumba. Hata migomba, ambayo shina lake limejaa maji, huwa na majani makavu yanayoning'inia chini mpaka ardhini. Mgomba uliopogolewa ni rafiki. Mgomba usiopogolewa umevaa nguo za kuwaka.

Haihitajiwi kukata kila mti. Mti wa kivuli uliosimama peke yake, ambao matawi yake hayagusi paa, na ambao chini yake pamefagiliwa, hauna hatari kubwa. Nyasi ziweza kubaki, lakini ziwe fupi, zisipite urefu wa kidole. Penye mteremko mkali ni afadhali kuzikata nyasi fupi kuliko kuzing'oa, maana ardhi iliyokwanguliwa ikawa tupu huchukuliwa na mvua ya kwanza, na aliyeikimbia hasara ya moto hataki kuangukia hasara ya mmomonyoko.

Vibanda navyo vihesabiwe kuwa sehemu ya nyumba. Jiko la nje lenye paa la nyasi, ghala la mahindi, banda la kuku, na lundo la majani makavu ya ng'ombe: kila kimoja kikiwaka huweza kuiwasha nyumba kubwa. Moto wa nyasi hupita kwa dakika. Moto wa ghala huwaka kwa saa nzima, na joto lake hudumu. Ndiyo sababu nafasi kati ya jengo na jengo ni jambo la kupimwa kwa uangalifu.

MPAKA MITA THELATHINI

Kutoka mita 10 mpaka mita 30 si lazima pawe tupu. Kazi ya hapo ni kuupunguza moto nguvu kabla haujafika. La kutazamwa zaidi ni ngazi ya moto. Nyasi ndefu zikiota chini ya kichaka, na kichaka kikiwa chini ya matawi ya mti, moto hupanda kutoka chini mpaka kileleni kama mtu apandaye ngazi, na ukifika kileleni hutupa cheche mbali. Ngazi hiyo ivunjwe: nyasi zifyekwe, vichaka vilivyo chini ya miti viondolewe, matawi ya chini yakatwe kadiri mtu awezavyo kufikia kwa panga, na miti iachane ili tawi la huyu lisigusane na tawi la yule.

Mtu ambaye mpaka wa shamba lake hautimizi mita 30 asiingie shamba la jirani wala msitu wa serikali kwa panga bila ruhusa. Na azungumze na jirani. Kama jirani ni msitu wa serikali, shauri ni la Shirika la Huduma za Misitu la Kenya.

MTEREMKO NA UPEPO

Nyumba mbili zilizo sawa kwa kila kitu zaweza kutofautiana sana kwa hatari, ikiwa moja iko bondeni na nyingine iko juu ya ukingo wa kilima. Moto hupenda kupanda. Ndimi zake huinama kuelekea nyasi za juu, huzikausha kwa joto, kisha huzila. Wataalamu wa Australia hutumia kanuni hii: kwa kila digrii 10 za mteremko, mwendo wa moto unaopanda huongezeka karibu mara mbili. Digrii 10 si mteremko mkali. Ni pale ambapo mtu akienda mita 10 mbele hupanda chini ya mita 2. Mwenye nyumba iliyo juu ya mteremko asitosheke na vipimo vilivyotajwa. Na aongeze nafasi upande wa chini, ambako moto utatokea.

Kisha na ajiulize upepo wa kiangazi huvuma kutoka wapi. Kila mzee wa kijiji aujua. Upande utokao upepo huo ndio upande wa kwanza kufyekwa.

NYUMBA ZA MAJIRANI

Tarehe 8 Agosti mwaka 2023 moto uliteketeza mji wa Lahaina katika kisiwa cha Maui, visiwa vya Hawaii. Zaidi ya majengo 2,000 yaliharibika, na watu wapatao 100 wakafa. Mashamba ya miwa yaliyokuwa juu ya mji yalikuwa yameachwa miaka mingi bila kulimwa, yakaota nyasi ndefu, na miongoni mwake zilikuwamo nyasi za Guinea, ambazo asili yake ni hapa Afrika. Upepo ulikuwa mkali mno siku hiyo. Moto ulianzia katika majani, lakini ulipoingia mjini uliacha kuwa moto wa majani ukawa moto wa nyumba, ukiruka kutoka paa hadi paa, kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa zimekaribiana.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Methali hiyo wazee waliitumia kuusifu umoja, na katika jambo hili yafaa kukumbukwa kwa maana mbili. Mahali ambapo nyumba zimesongamana, nyumba ya jirani mchafu ni kinga moja, na nyumba ya mtu mwangalifu ni kinga ya pili. Uangalifu wa mmoja hautoshi. Kwa hiyo shamba lililoachwa bila kulimwa kando ya kijiji ni shauri la kijiji kizima, na yafaa lisemwe katika baraza ya chifu kabla ya kiangazi, watu wapange siku ya kulifyeka pamoja.

NJIA YA KUTOKEA

Makao hayakukaguliwa yote mpaka njia yake ikaguliwe pia. Je, kuna njia ngapi za kutoka? Kama ni moja tu, nayo yapita katikati ya vichaka virefu, nyumba hiyo ni mtego hata kama kuta zake ni za mawe. Je, daraja laweza kubeba gari la zimamoto, na gari laweza kugeuka uwanjani? Je, yako maji katika tangi au mapipa yasiyotegemea pampu ya umeme, maana umeme hukatika siku ya moto? Je, ndani ya nyumba kuna mtoto mchanga, mzee asiyeona, mgonjwa asiyeweza kutembea? Nani atambeba, na kwa njia ipi? Ng'ombe na mbuzi wafunguliwe na nani, nao wapelekwe wapi?

Tarehe 7 Februari mwaka 2009 mioto mikali katika jimbo la Victoria, Australia, iliua watu 173. Wengi wao walifia ndani ya nyumba zao au karibu nazo. Mpaka siku ile watu wa huko walikuwa wamefundishwa kuchagua moja kati ya mawili: kubaki na kuitetea nyumba, au kuondoka mapema. Baada ya msiba ule mafundisho yalibadilika, na katika siku za hatari kubwa shauri linalotangulia yote ni kuondoka mapema. Nyumba iliyotayarishwa vizuri yaweza kusimama yenyewe bila mtu ndani yake. Mtu asiyejua aondoke lini ndiye aondokaye amechelewa, akutane na moto njiani, ambako moshi umefunika macho. Basi jamaa wakubaliane siku za utulivu: moshi ukionekana upande fulani, akina mama, watoto na wazee waondoke mara moja, wala wasingoje kuona ndimi za moto. Simu za msaada katika Kenya ni 999 na 112.

KUTOA HUKUMU

Na uchukuliwe mfano wa miji miwili iliyo juu ya ukingo mmoja. Wa kwanza una nyumba ya mawe na mabati mapya. Kuni zimepangwa chini ya upenu, ua wa saiprasi umefika dirishani, na mfereji umejaa majani. Wa pili una nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, na uwanja wake umefagiliwa mita 15 kila upande. Hakuna kitu ukutani ila kigoda. Mpita njia atasema bila kufikiri kwamba mji wa kwanza u salama na wa pili umo hatarini. Mkaguzi mwangalifu hasemi hivyo. Mji wa kwanza umo hatarini kwa ndimi, kwa joto na kwa cheche, lakini hatari zake nyingi zaweza kuondolewa kwa kazi ya siku mbili tatu bila fedha nyingi. Mji wa pili umekwisha kuzishinda ndimi za moto kwa ufagio, ila paa lake bado laalika cheche, na dawa ya paa ni gharama. Mwenye mji wa kwanza aanze kazi kesho. Mwenye mji wa pili aweke akiba ya mabati kidogo kidogo, na kwa sasa ajue saa yake ya kuondoka.

Hiyo ndiyo faida ya ukaguzi. Humwonyesha kila mtu jambo lake la kufanya kwanza, kadiri ya uwezo wake. Anayeanza na aanze na yale yasiyotaka fedha: kufagia mfereji, kuhamisha kuni, kufyeka nyasi, kupogoa migomba. Kisha yale ya fedha kidogo: kuziba matundu ya mabati na kutia wavu. Mwisho yale makubwa, kama vile kubadili paa. Kazi hiyo ifanywe mwezi wa Desemba, na tena mwezi wa Juni, kabla ya kila kiangazi, kwa sababu nyasi humea upya na majani huanguka upya.

Tena yafaa kila mtu akumbuke kwamba mioto mingi huanzishwa na mikono ya watu. Sheria ya Moto wa Nyasi, iliyo Sura ya 327 ya Sheria za Kenya, humkataza mtu kuchoma nyasi au vichaka visivyo vyake bila ruhusa, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 hukataza kuwasha moto msituni bila idhini. Majani yaliyofyekwa kuizunguka nyumba yasichomwe siku ya upepo mkali. Ni afadhali yapelekwe zizini au yafanywe mbolea, maana mara nyingi mtu aliyetaka kuikinga nyumba yake kwa moto ndiye aliyeichoma, pamoja na ya jirani.

Jioni ya leo, kabla jua halijatua, kila mwenye nyumba aweza kuizunguka nyumba yake mara moja. Mzunguko huo hauchukui hata nusu saa, wala hauhitaji mtaalamu. Na aanze kwa kutazama paa, atazame chini ya upenu, apime uwanja kwa hatua, aangalie mteremko, ahesabu njia. Na aende pamoja na watoto wake, ili wajue sababu ya kufagia, na wajue njia ya kutokea. Majani makavu atakayoyaokota leo kwa mkono wake ni chakula ambacho moto hautakipata.